Reki Mbili, Namba Moja

Katika kiwanda cha kuchambua pamba nilichofanyia kazi, njia ya kwenda Kisesa, tulikuwa na mtambo wa kuongoza mashine ambao wataalamu wa kigeni walitufungia kama msaada, kisha wakaondoka. Walituachia kitabu kimoja, nacho meneja alikifungia kabatini. Mtambo wenyewe ulikaa kwenye reki mbili, yaani fremu za chuma zenye kadi za umeme zilizopangwa wima kama madaftari. Kila waya ulioingia kutoka kwenye kitufe na kila waya uliotoka kwenda kwenye mota ulikuwa na anwani: namba ya reki, ya kadi, na ya nafasi.

Nafasi zilihesabiwa sifuri mpaka saba, halafu kumi mpaka kumi na saba. Nane na tisa hazikuwepo, maana mtambo ulihesabu kwa mafungu ya nane. Fundi mwenzangu, Msukuma mtu mzima aliyekuwa akitengeneza injini kabla mimi sijaanza shule, hakulikubali jambo hilo hata siku moja. Lebo zilipobanduka kwa joto, alibandika nyingine za plasta ya zahanati na kuandika nane, tisa, kumi, kwa mwandiko mzuri kabisa.

"Mzee, nane haipo."

"Mwanangu, ng'ombe wangu wa nane nimwite wa kumi?"

Nilichoka naye.

Msimu ulipoanza, malori yakiwa yamepanga foleni getini, mwendeshaji alibonyeza kitufe cha mkanda wa kupeleka pamba. Mkanda ukaenda. Lakini na mashine ya kushindilia robota, yale mafurushi makubwa ya pamba, ikashuka, wakati mfunga robota ameinama ndani yake akitoa pamba iliyonasa. Alijivuta nyuma akapona, ila mkono mmoja wa shati lake ulibaki humo. Alikaa sakafuni akiutazama mkono wake mtupu.

Nilimwendea mzee kwa hasira. "Umebadilisha nyaya."

"Sijagusa waya. Nimebandika namba tu."

Sikumwamini. Kwa siku tatu nilifuata waya mmoja baada ya mwingine kwa balbu ya taa ya baiskeli, maana kipimo chetu cha umeme kiliharibika na dukani hakikupatikana. Mzee alishika ncha ya pili. Meneja, Mhaya mwenye suti safi, alikuja kila saa. "Ndugu, wakulima wanalala barabarani. Niwaambie nini?" Nikaendelea kupima. Nyaya zote zilikuwa mahali pake. Hapo ningepaswa kumwomba mzee radhi. Badala yake nilizidi kumkasirikia, kana kwamba amenificha kosa.

Siku ya tatu mchana nilimwomba meneja afungue kabati, nikakisoma kitabu upya. Ukurasa mmoja ulisema kwamba nyuma ya kadi kuna swichi ndogo, kama punje za mchele, zinazoipa kila reki namba yake. Nikachomoa kadi ya reki ya pili. Swichi moja ilikuwa imesogea. Reki zote mbili zilijiita moja, kwa hiyo amri ya mkanda iliitikiwa na mashine ya kushindilia pia, iliyokuwa na kadi na nafasi zenye namba zilezile kwenye reki ya pili.

Kabla ya msimu nilikuwa nimesafisha vumbi la pamba humo ndani kwa brashi ya rangi. Mimi, peke yangu.

"Umeona nini?" mzee akauliza.

Nikamwonyesha. Kisha nikaenda naye kwa meneja, nikasema kosa lilikuwa langu, na kwamba nilimsingizia mzee. Meneja aliniagiza niandike barua ya maelezo. Barua ilikuwa rahisi. Kwenda kwa mfunga robota ndiko kulikokuwa kugumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mashine imepona, akarudi kazini.

"Kwa hiyo nane yangu haina kosa," mzee alisema tukiwa njiani.

"Ina kosa, mzee. Ila si hili."

Alinuna. Siku ile hakuniaga. Asubuhi nilipoingia, nilimkuta amekata kipande cha bati la debe, amekifunga kwa skrubu mbili juu ya zile swichi.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Leta brashi yako hapa, nitasafisha mwenyewe."