Ndizi Zilizokataliwa na Lori

Nilisafiri kutoka Mombasa usiku kucha na nusu ya siku, nikashuka Mitunguu miguu imevimba. Langoni mwa shamba la ndizi wanawake walikuwa wakitoka, kila mmoja na mkungu begani. Mgeni angedhani wamevuna kwao. Mimi nilijua wamelipwa.

Nilipokuwa mtoto, mama naye alilipwa hivyo. Ndizi fupi au zilizochubuka, ambazo lori la wanunuzi lilikataa, ndizo zilizokuwa nusu ya mshahara wake. Nyumba yetu ilinukia ndizi mbivu, nguo zake zilikuwa nyeusi kwa utomvu, nami niliamini mwenye shamba anatupenda. Basi alasiri moja nilimkimbilia nyapara nikamwambia asante, kama tulivyofunzwa kanisani.

Alicheka, akamgeukia mama. "Mama Mwenda, huyu mtoto amekushinda adabu."

"Muulize kama duka watanipatia chumvi nikipeleka ndizi," mama aliniambia. "Kule barabarani sisi wote tunauza ndizi. Nani atanunua na kila nyumba iko nazo?"

"Si ukule tu, mama," nyapara alijibu. "Wengine hawana."

Jioni tulikula ndizi za kuchemsha bila chumvi, gizani, kwa kuwa mafuta ya taa yalikwisha. Ulikuwa wizi, na aliyeibiwa ndiye aliyeubeba hadi nyumbani. Mama hakunigombeza. Alisema tu nisimshukuru tena yule mtu.

Nilipomaliza sekondari niliajiriwa shambani humo. Mwisho wa juma la kwanza nyapara alinionyesha rundo langu. Nililiacha pale pale chini, nikatembea hadi barabarani, na sikuishi Mitunguu tena.