Mbuzi wa Mwambani

Mtaani walimwita Kidali, kwa kuwa mteja akiuliza buchani kwake nyama gani nzuri leo, jibu lilikuwa lile lile: kidali. Bucha alirithishwa na baba yake, magoti ya mzee yalipoanza kumsumbua. Mzee mwenyewe aliishi chumba cha uani, na bado alipita kila asubuhi kukagua visu vimenolewa vipi.

Mbali na bucha, familia ilikuwa na mbuzi kisiwani. Kisiwa chenyewe ni jiwe tu lililochomoza baharini, kuta zake wima pande tatu, na upande wa nne una mteremko ambapo boti husogea bahari ikitulia. Hakuna mti wala chemchemi. Maji ni ya mvua, yale yanayotuama kwenye mabonde ya miamba, na juu kabisa kuna tabaka jembamba la udongo mweusi. Mzee alipeleka pale mbuzi wanne zamani, majirani walipochoka kuliwa mboga zao. Alisema wakifa, shauri yao. Hawakufa. Walizaana, wakajifunza kupita kwenye kingo ambazo hata paka angezikimbia, na kila harusi ya ukoo mmoja alishushwa kwa kamba.

Kisha ofisi ya wanyamapori ikasema mbuzi watolewe. Mtaalamu wao wa ndege, dada mmoja mkavu wa maneno, alikuja mpaka buchani.

"Kaka, njoo uone kwanza, halafu ukatae."

Kidali akaenda. Alipofika juu akatazama huku na huku. Majani aliyoyajua ujanani yalikuwa yameisha, na upepo ulikuwa ukipeperusha udongo baharini. Dada akamweleza kuwa kuna ndege weusi wanaoishi mbali baharini, hawaji nchi kavu ila kutaga yai moja tu, ndani ya mashimo wanayochimba kwenye udongo ule.

"Ingiza mkono," akamwambia.

"Na nyoka je?"

"Hapa hakuna nyoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Akalala kifudifudi, mkono ukazama mpaka begani. Kitu chenye joto kikamng'ata kidole. Akapiga ukelele, kisha akacheka mwenyewe. Shimo la pili lilikuwa limekanyagwa na mbuzi, paa limeporomoka. Akatoa kifaranga kilichokufa, mdomo umejaa udongo. Mikono yake ilizoea damu tangu utotoni, lakini alikishika kile kifaranga muda mrefu, hajui akiweke wapi.

Siku hiyo alikubali. Kazi ilikuwa kumwambia mzee.

"Mbuzi wangu wamekukosea nini?" mzee aliuliza.

"Hawajanikosea, baba. Wanamaliza kisiwa. Hata wao watakufa njaa."

"Wamekaa pale kabla hujaota ndevu, hawajafa. Leo umeambiwa na watu wa ndege, ndiyo umeona njaa."

"Baba, nisikilize basi."

"Nimekusikia. Nenda kawatumikie."

Wakaenda, Kidali, dada na wafanyakazi wa ofisi, na nyavu na kamba. Wengi walikamatwa, wakafungwa miguu na kuvushwa, wakauzwa ng'ambo kwa wafugaji. Lakini mabeberu watatu, walipobanwa, waligeuka wakajirusha kutoka ukingoni. Kidali alisikia walivyogonga miamba chini. Akakaa kitako.

Akabaki jike mmoja na mwanawe, kwenye ukingo mwembamba katikati ya ukuta. Ofisi ikataka kuleta mtu wa bunduki.

"Niacheni nijaribu mimi," Kidali akasema. "Ni wa nyumbani huyu."

Akafungwa kamba kiunoni, akashuka taratibu, akimwita kwa ule mluzi wa baba yake. Yule jike akasimamisha masikio. Alitazama kama anayekumbuka kitu, kisha akarudi nyuma hatua moja, na nyuma hapakuwa na kitu. Kidali alibaki ukutani, mwanambuzi akitetemeka mbele yake, na shakwe wakipiga kelele juu.

Akampakata yule mtoto mpaka nyumbani, akidhani atailainisha roho ya mzee. Mzee alimpokea, akampapasa mbavu.

"Mama yake yuko wapi?"

Kidali akaanza kuikunja kamba.

Mzee alimlea yule mtoto kwa chupa, akalala naye chumbani, ila hakumsemesha Kidali tena zaidi ya salamu. Buchani Kidali akawa anauza ng'ombe tu. Wateja walipomtania kwamba amekosana na mbuzi, alifuta meza na kuitikia kwa kichwa. Mkewe alimwambia amwombe mzee radhi yaishe.

"Nimwombe radhi ya lipi?" akasema. "La kwenda, au la kutoweza kumshika yule jike?"

Mkewe akarudi jikoni.

Baada ya mvua kubwa dada alimpeleka tena kisiwani. Udongo ulikuwa umeshikwa na majani mafupi, na kwenye mteremko kulikuwa na mashimo machache mapya. Hakuingiza mkono. Jioni, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, alimwendea mzee uani akamsimulia.

Mzee alisikiliza akiwa ameinama, mbuzi amelala miguuni pake.

"Majani yameota?"

"Yameota, baba. Kijani kitupu."

"Basi wangeshiba," mzee akasema, akageukia ukutani.