Mponda Zege Ukumbini

Wanafunzi walimwita Mzee Ponda, naye hakuchukia, maana kazi yake ilikuwa hiyo. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa maabara ya chuo kikuu: anaweka kipande cha zege kwenye mashine, anakibana mpaka kipasuke, anaandika namba daftarini. Basi. Ukimwambia kazi yake inachosha, atakucheka. "Wewe ghorofani unalala usingizi, siyo? Nani alikupimia?"

Mpwa wake, binti wa dada yake, akaja maabara hiyohiyo kusomea udaktari wa uhandisi. Weee, mzee alivimba kichwa! Kila mgeni aliambiwa, "Yule pale ni mpwa wangu. Hesabu anazopiga yule, mimi na wewe tungelazwa." Binti alitengeneza programu ya kukadiria zege litapasuka kwa uzito gani kabla halijapondwa. Mjomba akaponda vipande mia mbili ili namba zake zilinganishwe na za kompyuta. Hazikulingana. Za mjomba zilikuwa chini kwa sehemu moja ya kumi, kila mara. Mwaka mzima binti alifukua programu mstari kwa mstari akitafuta kosa, akakonda, hata salamu akawa anaitikia kwa kuchelewa.

Ndipo mkutano wa kimataifa wa mbinu za kompyuta katika uhandisi na sayansi ukafanyika chuoni kwao. Maprofesa wa nchi ishirini, vitambulisho shingoni. Binti alipewa dakika kumi na tano, na msimamizi wake alishamwambia wazi: wakiikubali programu, unamaliza, wakiikataa, unaanza upya. Mzee Ponda alipangiwa kupeleka maikrofoni kwa wenye maswali. Alivaa suti aliyoolea, imembana tumboni, lakini kavaa.

Binti aliongea vizuri jamani, tusimnyime haki yake. Kisha profesa mmoja mwenye ndevu nyeupe akanyoosha mkono, na mzee mwenyewe ndiye aliyempelekea maikrofoni. Mkalimani akatafsiri: "Programu mbovu hukosea huku na huku. Pengo lenu halibadiliki, kana kwamba kuna kitu kimoja mmekisahau. Vipande vilikuwa vikavu?"

"Vikavu kabisa," binti akajibu. "Ndivyo utaratibu wetu unavyotaka."

Mzee akawaza: Vikavu wapi! Kila jioni alivitumbukiza kwenye pipa la maji, asubuhi akavifuta juujuu akaviponda. Alijua zege lililolowa hupungua nguvu, ila alidhani ni kidogo tu, si cha kumkosesha mtu usingizi. Makosa yote aliisukumia kompyuta. Na sasa ilibaki miezi miwili astaafu kwa heshima zake. Akinyamaza, nani atajua? Akamtazama mtoto wa dada yake, midomo imemkauka pale mbele. Liwalo na liwe.

"Programu haina kosa," akasema. "Vilikuwa vimelowa. Niliviloweka mimi."

Ukumbi ukamgeukia. Profesa akauliza vililoweshwa kwa muda gani.

"Kwa saa kumi na mbili, kila kimoja. Sikuwahi kukosa."

"Basi ingiza maji hayo kwenye hesabu," profesa akamwambia binti. "Tunasubiri."

Binti akabofya, akakosea, akabofya tena. Ukutani mstari wa kompyuta ukashuka polepole, ukalala juu ya namba za mjomba. Profesa akasimama kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Binti hakungoja yaishe. "Mjomba!" akapaza sauti, kawasahau wageni wote. "Mwaka mzima nalia na hii kompyuta! Ulikuwa unaloweka kwa nini?"

Mzee akainamisha kichwa. "Vumbi, mama. Siku ya kwanza tu niliyoponda vikavu, pumu ilikubana, ukatoka nje huwezi kupumua. Niliogopa sana."

"Si ungeniambia tu?"

"Ungenikataza."