Fundo la Dada Kabla

Kiwandani walimwita Dada Kabla, maana hakuweza kuongea bila neno hilo: agiza kabla haijaisha, uliza kabla hujakwama. Ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo msitarajie nimsimulie kwa upole.

Kazi yake ilikuwa kupanga ununuzi wa vipuri vya pampu za maji. Pampu ikikosa kipande kimoja, hata kijipete cha mpira, hiyo si pampu, ni chuma tu. Basi vipande vya pampu moja vilipotimia, alivitia kwenye mfuko na kuufunga kwa fundo lake mwenyewe. Mfuko wenye fundo lile haukuguswa mpaka siku ya kuunganisha.

Alimfundisha kulifunga mtu mmoja tu, mdogo wa mumewe, ambaye dada ndiye aliyembembelezea kazi pale. "Shemeji, wewe ni mama yangu wa pili," alikuwa akimwambia. Asante ya punda ni mateke.

Siku ya kuunganisha pampu za hospitali, mifuko ikafunguliwa. Mipira ya kuzuia maji haimo! Na mipira ile huagizwa ng'ambo, husubiriwa wiki tatu.

"Nani kafunga hii?" meneja akauliza.

Mdogo wa mumewe akatazama sakafu. "Fundo ni la shemeji."

Meneja akampa dada mpaka kesho asubuhi: aeleze mipira ilikokwenda, au aache kazi.

Jioni shemeji yule akaja nyumbani kwa dada, nami nilikuwepo. Akalia, akakiri. Aliichomoa mipira mwenyewe kumalizia pampu alizopangiwa kuunganisha, zilizochelewa, kisha akafunga mifuko upya kwa fundo lile. Mimi nilitamani kumrushia sufuria.

"Kesho twende wote kwa meneja," dada akamwambia.

"Haendi," mumewe akadakia. "Ana watoto watatu huyu. Wewe una mimi, hutalala njaa."

Dada akamgeukia polepole. Nadhani ndipo alipoelewa, kwa sababu mume mtu hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Ulijua?"

"Aliniambia mwezi uliopita."

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alikaa kitini na kuanza kuvua kitambulisho cha kazi shingoni, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mngeniambia," alisema. "Ningeagiza mingine. Asingejua mtu."