Mbuga Isiyo na Geti

Watu wa Makole wana midomo. Wanamwona mume wangu Silvano alfajiri akipanda nyuma ya lori la mahindi kwenda Kibaigwa, sindano yake ya kushonea magunia kaifunga kwenye kitambaa, basi wanaanza. Dereva mzima, leseni anayo kabatini, kwa nini akae juu ya turubai kama mzigo? Mmoja anasema karogwa. Mwingine anasema macho yamekwisha. Juzi jirani kanifuata mpaka jikoni, eti, "Mama Erick, hivi Baba Erick ana nini hasa?" Nikamwambia ana mke mkali, kama anataka zaidi aniulize. Hakuuliza. Sasa nasema mwenyewe, na nikishasema waniache na maandazi yangu.

Silvano ni Mngoni wa Songea. Alikuja Dodoma kijana, wakati ule serikali inasema inahamia huku na kila mtu anaamini, akapata udereva kwenye shirika moja la umma. Mimi ni Mgogo, kwetu ni upande wa Mvumi. Tulikutana kwenye foleni ya sukari. Alinipisha nikae mbele yake, nikadhani ni ustaarabu, kumbe alitaka kuangalia ninavyotembea. Miaka yote tuliyokaa pamoja hakujifunza Kigogo hata cha kuombea maji. Akija kwa wazazi wangu anasalimia "mbukwenyi" kwa sauti kubwa, watu wanacheka, na Kigogo chake kimeishia hapo.

Lakini kuendesha alijua. Gari analiosha kabla hajanawa uso. Alikuwa akijisifu kwamba tangu ashike usukani hajawahi kukokotwa na mtu, na wenzake walimtania, ila hakuna aliyeweza kumbishia.

Kisha yakaja mambo ya kupunguza wafanyakazi. Shirika likafungwa, wakapewa mkono wa kwaheri, na mume wangu akarudi nyumbani kukaa barazani. Mwanamume aliyezoea kazi akikaa barazani muda mrefu anakuwa mgonjwa bila ugonjwa. Nilimwonea huruma, halafu nikimwona amekaa vilevile jioni ninakasirika, halafu namwonea huruma tena.

Geofrey ndiye aliyemtoa pale. Alikuwa karani kwenye shirika hilohilo, kijana mjanja, na miaka ile ya ruksa wajanja hawakulala. Huyu kafungua banda la video, yule kaleta marobota ya mitumba. Geofrey akaenda kwenye mnada wa mali za shirika, akanunua Landrova. Alipoileta kwetu Silvano akaizunguka, akapapasa mlango, akasema, "Mkwaruzo huu niliuweka mimi, Manyoni." Lilikuwa gari lake lile lile. Siku hiyo alikula vizuri.

Biashara yenyewe iliitwa safari ya jangwani. Mimi nikauliza, "Jangwa lipi, Geofrey? Sisi tunalima uwele hapa."

"Shemeji, Mzungu akiona pakavu anaita jangwa. Sisi ni nani tumbishie?"

Basi Silvano akawa dereva, mimi mpishi, na kiongozi wa njia tukampata kijijini, mbele ya Mvumi. Jina lake Yotham. Ni ndugu yangu upande wa mama, kwa hiyo mimi ananiita dada na Silvano shemeji. Kijana mpole, mchungaji wa ng'ombe, Kiswahili chake cha kuchaguachagua maneno. Kule kwao kuna uwanda mpana ambao kiangazi huota chumvi juu, unang'aa mweupe mpaka macho yanauma. Hilo ndilo jangwa la Geofrey.

Safari ninayoisema ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka tisini na nne. Wageni walikuwa Wazungu wanne, watu wazima. Tulipofika kwa Yotham asubuhi, mke wake Ruthu alikuwa uani anapeta uwele, tumbo limeshuka, miguu imevimba hadi viatu vya plastiki alikuwa amevikata pembeni. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika. Hii nayo, nesi wa kliniki alishamwambia ana presha, asithubutu kuzalia nyumbani. Baiskeli hawezi kuipanda. Yotham akatuambia, "Fedha yangu msinipe. Mkirudi, mpitieni Ruthu, mkamwache Mvumi hospitali."

Nikasema tumpeleke kwanza. Ila Geofrey alishatoa amri tangu mjini: wageni wanataka jua la asubuhi kwa ajili ya picha, wageni kwanza. Na Ruthu mwenyewe akacheka, akasema hana uchungu wowote, aende mapema akafanye nini. Silvano akamwambia, "Shemeji, funga mizigo. Mchana nitakuwa hapa, nakuahidi." Mume wangu akiahidi anatimiza. Wakaondoka, mimi nikabaki na Ruthu kupika chakula cha mchana cha wageni.

Yaliyotokea huko nimeambiwa na Silvano, na nimeambiwa na Yotham, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yalikuwa yale yale. Ndiyo maana nayaamini.

Walifika ukingoni mwa uwanda. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Pale chini hapakuwa na hata tone, chumvi imekauka, vumbi linaruka. Yotham, aliyekaa mbele na Silvano, akasema, "Shemeji, tuzunguke. Mbele ni mbuga."

Sasa nisikilizeni. Kwetu Ugogoni mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Maji ya milimani yakija yanapita chini kwa chini. Juu unaona pakavu, chini ni uji. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba mbuga ikishakunywa, hukanyagi. Lakini kwa Mngoni aliyekulia na redio na vitabu vya shule, mbuga ni mbuga ya wanyama. Ni geti, askari wenye bunduki, na twiga. Mimi na Silvano tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, tumeongea mambo ya dunia nzima, na neno mbuga halikuwahi kupita kati yetu. Tunaishi Makole. Mbuga ya nini?

Silvano akauliza, "Mbuga ya nani? Ina geti?"

"Haina geti, shemeji. Ni mbuga tu."

"Ina wanyama?"

Yotham akafikiria ng'ombe wake. "Wanyama wanaogopa," akasema. Alitaka kusema kwamba hata ng'ombe hawatii mguu pale.

Silvano akacheka. "Basi kama wanaogopa wao, sisi tupite."

Yotham aliniambia kwamba alifungua mdomo mara ya pili akaufunga. Kwetu shemeji aliyemwoa dada yako humkatalii mbele ya wageni, na juu ya hapo gari lile ndilo lililokuwa limbebe mke wake. Akajiambia huenda gari la chuma linaweza pale ambapo ng'ombe hawezi. Wageni nao nyuma walikuwa wameshaona weupe ule, wanashangilia na kamera zao. Silvano akaingiza gari. Lilikwenda vizuri kidogo, kisha ganda likapasuka na magurudumu ya mbele yakazama yote. Alivyozidi kukanyaga mafuta ndivyo lilivyozidi kushuka, mpaka tope likagusa milango.

Silvano alishuka, akachota tope lile mkononi, akalitazama. "Ndiyo hii?" akauliza. Yotham akamwambia ndiyo hii. Wakachimba mpaka mchana, gari halikusogea, ndipo Yotham akavua kandambili zake akaanza kukimbia kurudi kijijini kutafuta ng'ombe wa kuvuta.

Mimi huko nyumbani sikujua kitu. Wali uliiva, mchuzi ukaiva, jua likasimama utosini. Ruthu alikuwa amefunga kanga zake na blanketi la mtoto kwenye kikapu, amekaa mlangoni mwa tembe. Kwanza akasema kichwa kinamgonga. Halafu akasema, "Wifi, mbona nakuona kwa ukungu?" Nikamlaza, nikamwekea kitambaa cha maji. Kila baada ya muda anauliza, "Gari limesikika?" Namwambia bado, litasikika sasa hivi. Nilimkasirikia Silvano siku ile, jamani. Nikajua amewaendekeza wageni na picha zao. Nilipanga maneno ya kumpasua nayo akishuka tu.

Kifafa kilimpata jua likiwa limeanza kuinama. Mimi nimezaa watoto wanne na sijawahi kuona kitu kile. Aling'ata meno, macho yakageuka, mwili ukakakamaa, nikamshikilia huku napiga kelele majirani waje. Kilipomwachia hakusema tena neno la kueleweka.

Yotham aliingia uani wakati huo, miguu inatoka damu. Hakuhitaji kuelezwa; yeye ndiye aliyetuambia gari limezama mbugani. Majirani wakaanza kubishana. Ng'ombe waliofundishwa kuvuta walikuwa hao wa Yotham tu. Wakifungwa mkokoteni kumpeleka Ruthu, watafika Mvumi kesho asubuhi. Wakienda kuvuta gari, gari likitoka, Mvumi ni mwendo mfupi. Likikataa kutoka, basi. Yotham alisimama ameshika nira, anamtazama mke wake kupitia mlangoni. Nilitamani mtu mwingine amchagulie, na hakuna aliyethubutu. Akasema, "Gari," akaondoka na ng'ombe.

Jua lilikuwa linazama niliposikia injini. Silvano alikuwa tope mpaka kifuani, uso hautambuliki, na yale maneno yangu yote niliyoyapanga yakaniishia mdomoni. Wageni waliteremka wenyewe bila kuambiwa, bibi mmoja akavua sweta lake akamkunjia Ruthu chini ya kichwa. Tulimlaza nyuma juu ya magodoro. Yotham akapakata kichwa, mimi nikashika miguu.

Nasema ukweli mbele ya Mungu, sijamwona mtu akiendesha kama Silvano alivyoendesha jioni ile. Makorongo yale kila mtu anayajua, na mgonjwa hakurushwa hata mara moja. Alikuwa anaongea njia nzima bila kugeuka. "Shikilieni hapo, kuna bonde. Haya, limepita. Shemeji, mwambie tunafika. Mwambie nimekosa, ila tunafika."

"Sawa, shemeji," Yotham anajibu.

Tulikuwa tumeshavuka mto mkavu, taa za hospitali bado hazijaonekana, Ruthu alipovuta pumzi moja ndefu akaitoa, na nyingine haikuja. Nikasubiri. Nikamshika tumboni, mtoto naye kimya. Nikafungua mdomo nimwite mume wangu. Yotham akanikamata mkono, akatikisa kichwa. Akaniambia kwa Kigogo, taratibu, sauti ya kawaida kabisa, kwamba nimwache. Akijua sasa hivi mikono itamwishia nguvu kwenye usukani, na Erick wangu na wadogo zake wanahitaji baba na mama.

Silvano akasikia tunaongea. "Anaendeleaje?"

"Amelala, shemeji," Yotham akasema.

"Vizuri. Apumzike. Bado kidogo tu."

Nikajifunga kanga mdomoni ili nisisikike. Yotham aliendelea kumpangusa Ruthu jasho ambalo halikuwepo, na kila Silvano aliposema tunafika, alimwitikia. Sijui nguvu ile aliitoa wapi. Mimi nilikuwa na hasira na kila mtu, na Geofrey, na wageni, na mvua ya milimani, na sikuwa na pa kuipeleka.

Tulipoingia getini mwa hospitali Silvano alipiga honi mfululizo. Aliruka gari halijasimama vizuri, akakimbilia ndani na tope lake, nikamsikia anawaita manesi, anawaambia mama ana presha, fanyeni haraka, tafadhali. Akatoka anasukuma machela mwenyewe, nesi anamkimbiza nyuma. Akafungua mlango wa nyuma wa gari. Alikuwa anahema, na chini ya tope lile alikuwa anatabasamu.

"Shemeji," akasema, "tumewahi."

Yotham akashuka kwanza. Akamshika mikono yote miwili, ile iliyojaa tope, akamwambia ameendesha vizuri sana, Mungu ambariki. Silvano akamwitikia asante, akainama kumchukua mgonjwa. Ndipo akaniona mimi nimeshamfunika Ruthu uso.