Mbwa Aliyenguruma Kwanza

Nilimchukua yule mbwa kwa mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu anayehifadhi mbwa waliotupwa, nje kidogo ya mji wa Geita. Alikuwa wa uzao wa Kijerumani, masikio wima, aliyeachwa na walinzi wa mgodi mkataba wao ulipokwisha. Hakujua kutulia. Mzee aliniambia, "Huyu atakulinda mpaka umchoke. Ukiona dalili yoyote ya ukali, njoo uniambie mapema, binti. Mapema."

Nilijiandaa kama mtu wa mtihani. Video za mafunzo nilizitazama kwenye simu hadi nikazikariri, nikabandika ratiba ukutani: mbio alfajiri, kukaa, kusubiri, kuacha mfupa. Akikosea kidogo, tulirudia zoezi lote tangu mwanzo. Baada ya miezi miwili, wapangaji wenzangu wa mtaa wa Kalangalala wakawa wanatoka kumtazama.

"Mbwa kasoma kuliko sisi," mama mwenye nyumba alisema. "Bado kuimba kwaya tu."

Lakini hakuna video iliyozungumzia magoti. Nimelelewa Usukumani, nikimwamkia mkubwa nashuka chini bila kufikiri. Asubuhi moja nilimpigia magoti mama mwenye nyumba, na mbwa akanguruma. Nadhani kwake yeye nilikuwa nimeangushwa. Akanguruma tena kwa katekista. Mara ya tatu ilikuwa kwa bibi muuza dagaa, na safari hii alitoa meno.

"Ala!" bibi akacheka. "Hata shikamoo yangu anaionea wivu?"

Nikacheka naye. Sikumpigia simu mzee. Niliona aibu kusema kuna jambo limenishinda. Ningeweza kusalimu nimesimama, lakini ningeonekana sina adabu, na hilo nalo sikulitaka.

Kisha baba akaja kutoka Shinyanga. Nilitaka aone kila kitu kikiwa sawa: chumba, mapazia, mbwa aliyekaa wima kama askari. Nikapiga magoti mlangoni, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

Aliponyoosha mkono kunigusa kichwa, mbwa akaruka.

Hospitali walimshona baba mkono na kumwanzishia sindano za kichaa cha mbwa. Baba hakunigombeza. Njiani kurudi aliuliza tu, "Nimechunga na mbwa tangu utoto. Mbwa haumi bila kusema. Huyu hakusema kitu?"

"Hakusema, baba."

Kesho yake tulimrudisha mbwa. Baba alisisitiza kunisindikiza. Mzee alitazama ile bandeji, akamsalimu, kisha akanigeukia.

"Aliwahi kunguruma kabla?"

Baba alikuwa amesimama ubavuni mwangu.

"Hapana, mzee. Ghafla tu."

Mzee alimpapasa mbwa shingoni. "Anayenguruma kwanza ningempatia mtu mwingine. Ningemweleza amchunge wapi, basi. Anayeuma kimya simpi mtu. Siwezi." Akashusha pumzi. "Huyu itabidi nimchome sindano alale."

Akanipa kamba niishike, akaingia ndani kutafuta dawa. Alichelewa. Nilimsikia akifungua kabati, akihamisha chupa, akikohoa. Mbwa alijibana kwenye miguu yangu, akiwatazama watu wawili waliopita barabarani, tayari kunitetea dhidi yao. Nilikuwa na muda wote wa kusema. Neno moja tu, na baba angejua kwamba nilijua.

"Ile bodaboda yetu bado inasubiri?" baba akauliza.

Nikachungulia getini.

"Inasubiri, baba."