Bosi Ametangaza Bima ya Mazishi kwa Picha ya Mama Aliye Hai

Habari zenu, ndugu wa ukurasa huu. Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nne, Mrundi, naishi Observatory hapa Johannesburg na wadogo zangu wawili, na mimi ndiye baba na mama yao. Nina cheti cha kazi za ofisi, ni karani wa kampuni ndogo inayouza bima ya mazishi. Ni mwoga kwa asili. Hata robot, yaani taa ya barabarani, ikiniruhusu kuvuka, huwa nasubiri mwingine atangulie.

Miezi michache iliyopita bosi alitaka tangazo la kuvuta wateja Wakongo na Warundi. Nilimwambia tutafute mtu, tukubaliane naye, tumpige picha. Akacheka. Akafungua kompyuta, akapata mtandaoni picha ya mama mmoja wa makamo aliyevaa kitenge, anatabasamu. Pembeni kulikuwa na jina la mpiga picha, akalikata. "Kikiwa kwenye Internet ni cha watu wote," akasema. Akamzungushia maua meupe, akaandika juu yake "Aagwe kwa heshima", na mabango yakabandikwa kuanzia Jeppestown hadi Yeoville.

Kwetu sisi mnajua: ukiona ukutani picha ya mtu ndani ya maua, mtu huyo amekufa.

Yule mama nitamwita Mama Neema. Ni Mkongo wa Uvira, fundi cherehani, na picha ile alipigwa kwenye harusi ya binti yake. Watu wakaanza kufika kwake na sukari na unga, wanalia tangu kwenye ngazi. Mlango akaufungua mwenyewe! Jirani mmoja alianguka palepale. Kaka yake huko Uvira, aliyetumiwa bango kwa simu, alikuwa ameshaweka matanga. Na wateja wakapotea, maana nani ampelekee marehemu kitambaa amshonee?

Binti yake akampeleka kwa wanasheria wanaosaidia watu bure. Wakamweleza kwamba picha ni ya aliyeipiga, sura ni ya mwenye sura, na kampuni imefanyia biashara vyote viwili bila kumwomba yeyote. Barua yao ikafika ofisini.

Bosi akaniita, akafunga mlango. Mpiga picha, bosi alikuwa ameshamlipa pesa asidai tena. Amebaki Mama Neema.

"Mpelekee karatasi hii asaini kwamba alikubali."

Tarehe iliyochapwa ilikuwa ya kabla ya bango. Chini, kwenye nafasi ya shahidi, kulikuwa na jina langu.

"Bosi, huu ni uongo. Tutafungwa."

"Eish, usinifundishe sheria. Yule ni mkimbizi, ataingia mahakama gani?"

"Hata mimi ni mkimbizi."

"Sharp, vizuri. Ndiyo maana nakutuma wewe."

Nilikwenda, lakini sikwenda kumdanganya. Nilimsomea yote kwa Kiswahili, na tarehe nikaisoma. Mama Neema akasimamisha cherehani, akanijibu kwa Kiswahili chao cha Kongo.

"Mutoto wangu, siku hiyo mimi na wewe hatukujuana. Tutasema tulionana wapi, mbinguni?"

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akaisukuma karatasi upande wangu. "Balinizika bila kuniuliza. Sasa banataka niseme shimo nilichimba mie mwenyewe. Wewe ungesaini?"

"Hapana, Mama."

"Basi irudishe vile ilikuja."

Niliirudisha. Bosi akasema ananipa mpaka Ijumaa. Nisiposaini kama shahidi na kumsainisha mama, kazi sina, na atawapigia watu wa uhamiaji kwamba karatasi zangu ni za kununua. Si za kununua. Foleni ya kuzipata niliipanga kwa miguu yangu. Nikamjibu, "Wapigie hata leo, nikutajie na namba ya faili langu." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Baadaye nilijifungia chooni kwa hofu.

Rafiki yangu ananiambia, "Dada, saini, ule. Mama mwenyewe si yuko hai? Kapungukiwa nini?" Kapungukiwa jina lake! Mtu amekimbia vita akiwa hai, amejenga maisha upya kwa sindano na uzi, halafu mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka anamuua kwa sababu hakutaka kuomba ruhusa. Na anitumie mimi kwa kuwa Kiswahili changu kinaaminika. Sikubali. Uoga wangu ninao, lakini saini yangu hapati.

Wanasheria wa Mama Neema wameomba nikaeleze kwa kiapo nilichotumwa kufanya. Kodi ya chumba chetu na shule ya wadogo zangu vinategemea kazi hii, na kazi nyingine sijapata.

Kwa hiyo ndugu zangu, msinishauri kusaini, hilo nimeshalikataa. Ninyi mnaoijua Afrika Kusini hii, niambieni: niache kazi mwenyewe kabla ya Ijumaa ndipo nikaape, au nikaape kwanza, kisha nirudi nikae kwenye kiti changu mpaka anitoe yeye? Nifanye lipi? Jibuni mapema, maana kwenye kuapa nitakwenda tu.